Kibanda cha Video, Kaptembwo

Kibanda chetu cha video pale Kaptembwo, Nakuru, kimetutoka. Mabati yameng'olewa, na aliyepanga pale sasa anauza makaa. Imeniuma sana.

Kilikuwa chumba chenye giza hata saa nane mchana, blanketi kuukuu limetundikwa mlangoni kuzuia jua na vumbi. Kiingilio shilingi 10. Mkanda ukianza kukwaruza, mwenye kibanda aliifungua deki, akasugua kichwa chake kwa pamba yenye spiriti, nasi tukatulia tuli. Picha ikirudi, makofi!

Filamu ilikuwa ya Kichina au ya Kihindi, lakini sauti ilikuwa ya kwetu. DJ Afro alisimulia kwa Kiswahili cha mtaani, akimchochea staringi, akimtisha adui. Tanzania walikuwa na msimulizi wao, Lufufu. Wapo waliosema kusimulia huko ni kuharibu kazi za watu. Neno hilo lilinisumbua miaka mingi, hadi nilipoziona Godzilla mbili.

Ya kwanza ni ya Ishirō Honda, iliyotoka Japani Novemba 1954. Machi ya mwaka huohuo, Marekani ilikuwa imelipua bomu la majaribio kule Bikini, na majivu yenye sumu yakawaangukia wavuvi wa Kijapani baharini. Dubwana linaloiteketeza Tokyo limeamshwa na mabomu ya aina hiyo. Mwaka 1956 Wamarekani waliitoa ya kwao, dakika 96 zikawa 80. Walimpachika mwigizaji Raymond Burr, akiwa mwandishi wa habari anayetueleza maafa kana kwamba alikuwapo tangu mwanzo. Mwanamke mmoja wa kwenye treni, anayesema aliponea chupuchupu Nagasaki, akakatwa. Onyo la mhusika Profesa Yamane mwishoni, kwamba majaribio yakiendelea huenda akazuka Godzilla mwingine, likakatwa pia.

Huko ndiko kuharibu. Msimulizi wetu aliyafunika maneno ya waigizaji, nakubali, ila hakujipenyeza ndani ya picha akajifanya mmoja wao. Hata mtoto wa darasa la pili alijua anayesema ni DJ. Wajapani wenyewe wangemwelewa: enzi za filamu bubu walikuwa na benshi, wasimulizi waliokaa kando ya pazia, na wapo watazamaji waliomfuata benshi wao kuliko filamu yenyewe.

DJ Afro yupo bado, watu wanamtazama kwenye simu, kila mtu na yake. Siku hizi sisikii tena kicheko cha watu arobaini kikipasuka kwa pamoja, wala wavulana wakiisimulia upya filamu nzima njiani kurudi nyumbani, kila mmoja akitaka awe ndiye DJ.

Mwenye kibanda alinipa benchi la mbele, walipokaa watoto wenye shilingi tano tu. Majina yetu bado yapo, tuliyachonga kwa msumari. Liko jikoni kwa mama.