Fundi au Duka?

Methali ya ufa na ukuta sote tuliifanyia mtihani. Lakini hakuna mwalimu aliyetuambia ukuta huzibwa mara ngapi kabla ya kukubali kwamba umeshaanguka.

Friji yetu ilizima Februari, stima ilipopotea hapa Mwakingali halafu ikarudi na nguvu zote. Kama tungekuwa Wundanyi, kwenye baridi ya milima, tungeigeuza kabati tu. Lakini hii ni Voi, na friji yenyewe si ya maziwa peke yake. Mama huuza barafu za ukwaju kwa watoto wakitoka shule. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, barafu hizo ndizo zilizonilisha nikijifunza kuishi kwa kuandika.

Nilidhani Mama atasema tutengeneze. Sufuria yake imewekwa kitako kipya mara mbili, chupa ya chai imebadilishwa kioo. Wapi! Alitaka friji mpya, ya lipa pole pole.

"Nimechoka kubembeleza vyombo, mwanangu," akasema. "Na mimi nataka kitu kinachofanya kazi bila kuombwa."

Sikuwa na jibu la hilo. Nikapiga hesabu. Shilingi 120 kila siku kwa mwaka mzima ni 43,800, na deni halijui likizo. Shule zikifungwa, Mama hauzi kitu.

Tukamwita fundi wa jua kali. Akaisogeza friji, akafungua nyuma, akapima.

"Kompresa iko sawa. Kilichoungua ni rilei."

Rilei ni kidude kidogo cha kuisaidia kompresa iwake. "Ingekuwa kompresa yenyewe," akaongeza, "ningewaambia mwende dukani." Siku hizi kitu kikiharibika, hilo ndilo swali langu la kwanza: kimevunjika kidole au umesimama moyo?

Tulilipa 1,200. Tukanunua pia kile kifaa cha kukata stima ikija na nguvu, maana bila hicho tungemwita fundi tena mwezi ujao.

Lakini ombi la Mama halikuisha hapo. Kila jioni ile 120, ama hata hamsini siku ikiwa mbaya, inaingia kwenye akiba yake ya M-Pesa. Fundi hakumnyima friji mpya. Alimpa muda wa kuipata bila deni.

Rangi ameshachagua.