Paka wa Njombe si mvivu, bwana!

Shuka Makambako, pale reli ya TAZARA inapokutana na barabara kuu iendayo Zambia, na ile ya Njombe na Songea inapochepuka. Magunia ya mahindi kibao, na panya hawakosi. Paka hapa ni mlinzi, siyo pambo.

Sasa panda basi, kama kilomita 60 hivi, hadi Njombe mwezi wa Julai. Baridi usiseme! Paka kajikunja pembeni ya jiko la mkaa, utadhani mgonjwa. Wala! Asili yake ni nchi za joto na ukame, na hapo anatunza nguvu. Kazi yake hasa ni alfajiri na magharibi.

Wapo wanaosema, "Mnyime chakula, atakamata panya." Siyo, mshikaji. Silika ya kuwinda haitegemei njaa peke yake. Aliyeshiba naye huwinda, mwenye njaa hukuibia dagaa. Na macho yanayong'aa gizani siyo uchawi: nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga.

Ila ukitega sumu ya panya, angalia. Paka akimla panya aliyekula sumu, naye anaweza kufa. Hapo umemuua askari, wezi umewaachia ghala.