Geneva, Mji wa Kufuata Maji

Wengi wa watu wetu wanaofika Geneva huletwa na mikutano. Wanashuka uwanja wa ndege, wanapanda treni ya dakika chache hadi kituo cha Cornavin, wanashinda ukumbini Palais des Nations ya Umoja wa Mataifa, jioni wananunua chokoleti, kesho yake wanaondoka. Wakiulizwa nyumbani mji ukoje, hujibu kwamba ni ghali. Ni kweli, wala sibishi. Ila utamu wa mji huu uko majini, na maji yake hayana bei kubwa. Mwenye siku moja ya ziada na viatu vya kutembelea aanzie ziwani, kisha afuate maji yanakoelekea.

Ziwa Léman limejipinda mfano wa mwezi mwandamo, Uswisi ikilikumbatia kaskazini na Ufaransa kusini. Geneva imekaa kwenye ncha ya magharibi, pale ziwa linapojikusanya na kutoka tena likiwa mto Rhône. Hutapotea, kwa maana Jet d'Eau utaiona ukiwa mbali: maji yanayorushwa mita 140 angani, lita 500 kila sekunde. Wageni huipiga picha wakidhani ilijengwa iwe pambo. Hapana. Mwaka 1886 mji ulikuwa na kituo cha pampu mtoni kilichosukuma mitambo ya karakana. Jioni, mafundi walipofunga mashine zao, nguvu ya maji ilipanda mabombani ikawa hatari. Basi ikafunguliwa njia ya kuipunguza, maji yakaruka juu, na watu wakapenda walichokiona. Mwaka 1891 wakaihamishia bandarini ili kila mtu aione. Mji wenye mabenki yote haya umejichagulia alama iliyotokana na jasho la mafundi, na kwangu hilo ni jambo la kuheshimiwa. Upepo ukiwa mkali huzimwa, kwa hiyo ukiiona inaruka, isogelee siku hiyo hiyo.

Kuvuka bandari kuna viboti vya rangi ya manjano na nyekundu viitwavyo Mouettes. Mgeni aliyelala hotelini hupewa kadi ya usafiri bila malipo, na kadi hiyo hutumika kwenye basi, tramu na viboti hivyo pia. Vuka hadi upande wa Pâquis. Kwenye gati, karibu na mnara mweupe wa taa, ndipo mahali ninapopapenda kuliko popote mjini: Bains des Pâquis, bwawa la kuogelea la umma la miaka ya 1930. Miaka ya 1980 wakuu wa mji walitaka kulibomoa. Wakazi wakakataa, jambo likapelekwa kwenye kura mwaka 1988, wakazi wakashinda. Ndiyo sababu leo utamkuta pale karani wa benki, mwanafunzi, bibi mwenye mjukuu na mhamiaji aliyetoka kazini, wote wameketi kwenye meza ndefu zilezile, mbele yao sahani ya chakula cha siku. Kiangazi watu wanaruka ziwani. Agosti kuna muziki pale jua linapochomoza, na wasikilizaji huja na mablanketi. Majira ya baridi wanaingia chumba cha mvuke, wanatoka wakifuka, wanajitosa kwenye maji ya barafu, halafu wanakula fondyu, jibini iliyoyeyushwa ambayo mkate huchovywa ndani yake. Jibini hiyo hupikwa kwa divai, hivyo asiyetumia kileo aulize kwanza. Nyuma ya gati, mitaa ya Pâquis ina mikahawa ya Waeritrea na Wahabeshi, na injera yake inashibisha.

Mji wa kale uko kilimani. Panda ngazi 157 za mnara wa kanisa kuu la Saint-Pierre, uone paa na ziwa, kisha pumzika kwenye benchi la La Treille, lenye urefu wa mita 120. Hapo pana mchesnati ambao ofisa wa bunge la jimbo huuchungulia kila mwaka. Jani la kwanza likichipua, anaandika tarehe, na masika yametangazwa rasmi. Desturi hiyo ina miaka zaidi ya mia mbili.

Nayaacha maji kidogo, kwa kuwa jumba la makumbusho la Msalaba Mwekundu halifai kurukwa. Henry Dunant, mmoja wa waasisi wa Msalaba Mwekundu, alizaliwa mji huu mwaka 1828. Ndani kuna makabati ya kadi za Vita Kuu ya Kwanza, mamilioni ya kadi, zilizoandikwa na watu wa Geneva kuwatafutia familia habari za mateka wao. Zipo pia picha za watoto wa Rwanda waliopoteana na jamaa zao mwaka 1994, zilizopigwa ili ndugu wawatambue. Simama mbele ya nyuso hizo bila haraka. Kwa msomaji wa Kiswahili mji huu hauko mbali hivyo: hata Tume ya Kusini, ile ya nchi zinazoendelea aliyoiongoza Mwalimu Nyerere, ilikuwa na ofisi zake hapa.

Rudi mtoni, ufuate Rhône hadi La Jonction. Ziwa limekwisha kuichuja, imekuwa ya buluu ya kijani. Kutoka kushoto unakuja Arve, mto wa barafu za Mont Blanc, wa kijivu na wenye tope. Mito hiyo inakutana bila kuchanganyika mara moja. Inatembea ubavu kwa ubavu, na mpaka wake unaonekana wazi kutoka daraja la reli lililo juu. Kiangazi vijana huelea na Rhône hadi hapa. Usiwaige kama huogelei vizuri, maana mkondo una nguvu.

Ukibakiwa na nusu siku, nenda Salève, mlima unaouinamia mji kutoka upande wa Ufaransa. Basi linakufikisha mpakani Veyrier, unatembea kidogo, kisha kigari cha kebo kinakupandisha. Chukua pasipoti, na hakikisha viza yako ni ya Schengen. Juu utaliona ziwa upande mmoja, na upande wa pili Mont Blanc, inakotoka ile Arve. Majira ya baridi usiahirishe kwa sababu mji umefunikwa na wingu zito la kijivu. Mara nyingi siku kama hizo kileleni kuna jua kali.