Matatu Bila Dere

Ukiweka Linux kwenye laptopu ya mtumba, kuna uwezekano kila kitu kitafanya kazi isipokuwa waifai. Sauti iko. Skrini inang'aa. Mashine inawaka haraka kuliko siku uliyoinunua. Lakini alama ya mtandao pale kwenye kona haipo, na ukitafuta dawa unaambiwa uipakue kutoka kwenye intaneti. Intaneti ipi sasa?

Laptopu ninayoizungumzia ni ya dada yangu mdogo, yuko mwaka wa pili chuoni. Tuliichangia pale nyumbani, Sh16,000. Msaada wa Windows 10 ulipofika mwisho Oktoba 2025, mashine ilikuwa ya zamani mno kuhamia Windows 11, na hela ya kununua nyingine hatukuwa nayo. Ijumaa jioni nikamwekea Ubuntu, ambayo ni ya bure. Waifai ikapotea. Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa na mtihani wa mtandaoni.

Jumamosi tukampelekea fundi mmoja mjini. Aliitazama kama dakika mbili hivi.

"Bosi, hii kadi imekufa. Niwawekee ingine, elfu mbili na mia tano."

Dada akaniangalia. Hiyo ilikuwa hela yake ya chakula ya karibu wiki mbili. Lakini kadi ilikuwa ikishika mtandao vizuri Ijumaa mchana, na hakuna aliyeiangusha wala kuimwagia chai. Kifo gani hicho cha kungoja tubadilishe mfumo? Tukamshukuru fundi, tukapanda gari kurudi nyumbani.

Kadi ya waifai ni kama matatu iliyopakiwa stejini. Injini nzima, mafuta yamo, lakini bila dere haiendi popote. Dere huyo ndiye draiva: programu inayojua lugha ya kadi na lugha ya mfumo. Kadi nyingi zinahitaji pia famweya, programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe kila mara mashine inapowaka. Mtengenezaji akifungua msimbo wake, draiva huingia ndani ya Linux na hutasikia shida. Akiufunga, au asipotoa ruhusa ya kuusambaza, unabaki stejini.

Kwa hivyo kwanza, intaneti ya kuazima. Tulichomeka simu yangu kwa waya ya chaji, nikawasha sehemu ya kugawa intaneti kwa USB, na laptopu ikaingia mtandaoni saa hiyo hiyo. Kwa laptopu, simu ni mtandao wa waya tu; kazi ya kunasa mawimbi inafanywa na simu. Bando langu likaumia, lakini likatosha.

Kisha tukaiuliza mashine yenyewe. Kwenye terminali nilichapa lspci -nnk, nayo ikaorodhesha vifaa vyake. Kadi ya waifai ilikuwemo, na nambari zake kwenye mabano. Maiti haijitaji jina. Kilichokosekana ni ule mstari wa chini unaotaja draiva inayotumika. Nikachapa rfkill list kuhakikisha waifai haijazimwa kwa kitufe. Haikuwa imezimwa. Mwisho, sudo ubuntu-drivers install, na Ubuntu ikatafuta draiva inayofaa na kuiweka.

Njiani ilitudai tutunge nenosiri. Usilidharau hilo. Mashine yenye ulinzi wa Secure Boot hukataa draiva isiyo na sahihi inayotambulika, kwa hivyo ukiwasha upya inakuja skrini ya buluu ikiuliza kama unaidhinisha ufunguo mpya. Wengi huiruka wakidhani ni hitilafu, kisha waifai inakataa tena. Chagua kuandikisha ufunguo, weka lile nenosiri, endelea.

Draiva tuliyoweka ilikuwa ya msimbo uliofungwa, ndani ya mfumo unaojivunia uhuru. Kuna watu wasioikubali kabisa, na nawaelewa: kitu usichoweza kukisoma huwezi kukirekebisha. Hata Debian, wenye msimamo mkali kuhusu jambo hili, walipiga kura mwaka 2022, na Debian 12 ilipotoka Juni 2023, famweya za aina hiyo zikaja ndani ya kisakinishi. Mtu asiyeweza kuingia mtandaoni hana nafasi ya kuchagua chochote. Jina Ubuntu lenyewe ni ndugu wa neno letu utu.

Mtihani aliufanya kwenye laptopu yake. Wiki iliyofuata akanipigia simu kutoka hosteli: mwenzake ameambiwa kadi imekufa, na yeye tayari ameshachomeka simu.

"Ile amri ya kuuliza jina la kadi ni k ngapi?"

"Moja tu."