Mama Zetu na Taabu Isiyosemwa

Zipo taabu ambazo watu huzisema hadharani, na zipo ambazo huzifungia moyoni mpaka zikawaharibia nyumba zao. Miongoni mwa hizi za pili ni taabu impatayo mwanamke baada ya hedhi yake kukoma. Sisi tunaoishi hapa Mwanza, na ambao kwa miaka mingi tumekaa na akina mama katika darsa, katika harusi na katika matanga, tumeyasikia mambo haya yakinong'onwa mara nyingi, wala hatukuyasikia yakielezwa waziwazi. Kwa hiyo tumeona yatupasa kuyaandika, yasomwe na mke na mume, na vijana pia. Maana kijana wa leo ana mama, na binti wa leo ndiye mama wa kesho.

Labda wako watakaouliza: Je, jambo hili lafaa kuandikwa katika gazeti la nyumba ya Kiislamu? Twajibu kwamba lafaa sana. Qurani Tukufu, katika Sura ya Talaqa, aya ya 4, imewataja wanawake waliokoma hedhi na kuwawekea eda yao ya miezi mitatu. Bibi Umm Sulaim (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) akamwuliza juu ya janaba ya mwanamke, suala ambalo wengi wetu leo tungeona aibu kulitamka, naye akajibiwa wazi. Na Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuielewa dini yao. Haya ni katika imani. Lakini ile imzuiayo mtu kujua hukumu ya sala yake, au kuutibu mwili wake, si haya bali ni udhaifu.

Sasa na tueleze jambo lenyewe. Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi akipitisha miezi 12 mfululizo bila ya kuiona, na kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Wakati huo mayai ya uzazi hupumzika, na homoni iitwayo estrojeni hupungua sana mwilini. Homoni hiyo ndiyo iliyokuwa ikiulinda uke: ikiifanya ngozi yake ya ndani kuwa nene na laini, na kuwalisha bakteria wema ambao huutia uke uchachu unaozuia vijidudu vya maradhi. Ikipungua, ngozi hiyo huwa nyembamba na kavu, na uchachu ule huondoka. Hapo ndipo huja mwasho, kuungua, maumivu wakati wa tendo la ndoa, haja ndogo ya mara kwa mara, na maradhi ya mkojo yasiyokwisha. Na yafaa ijulikane kwamba joto la ghafla na jasho la usiku kwa kawaida hupungua kadiri miaka ipitavyo, lakini ukavu huu hauponi wenyewe, usipotibiwa huzidi.

Tunaye jirani yetu, mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, ambaye alifikia umri huo akiwa na nyumba yenye heri. Akaanza kumkimbia mumewe. Mume naye akadhani moyo wa mkewe umegeuka, akanuna, kisha akatamka neno la talaka mbele ya jamaa. Wazee wa pande mbili wakaitwa, wakakaa, wakasema juu ya fedha, juu ya watoto, juu ya majirani. Sababu yenyewe haikutajwa na mtu. Siku ya pili yake mama huyo alikuja jikoni kwetu, akafunga mlango, akasema, "Dada, ni kama kidonda kinachotiwa chumvi. Nitamwambiaje mwanamume maneno haya?" Tukamjibu kwamba akishindwa kumwambia mumewe, amwambie daktari kwanza. Tukafuatana naye kwa daktari mwanamke, akapimwa, akapewa dawa. Baada ya miezi miwili alitujia tena akicheka. Mumewe alipoelezwa alisema neno moja tu: "Mbona hukuniambia?"

Dawa aliyopewa ni estrojeni ya kutia ukeni. Ziko aina zake: krimu, vidonge vidogo, na pete laini ambayo hukaa miezi mitatu. Kabla ya kuifikia, wako wanaopata nafuu kwa jeli za kulainisha zenye asili ya maji, na hizo huwa ndizo mwanzo wa tiba. Zisipotosha, daktari huandika estrojeni kwa kiasi kidogo. Kidonge cha kawaida kina mikrogramu 10. Hutiwa kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili tu kwa wiki. Krimu hupimwa kwa kibomba chake kama alivyoagiza daktari. Mtu anawe mikono, aitie wakati wa kulala, wala asiitumie kama mafuta ya kulainishia saa ya kukutana na mumewe. Tena awe na subira: nafuu huanza baada ya wiki chache, na hutimia kwa kiasi cha miezi mitatu. Wala asiitarajie iondoe joto la ghafla, kwa kuwa kazi yake ni hapo inapotiwa.

Wengi huiogopa dawa hii kwa kusikia kwamba huleta saratani. Hofu hiyo ina asili yake. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani, uliokuwa na wanawake 16,608, ulisimamishwa kwa kuwa waliomeza estrojeni pamoja na homoni nyingine walizidi wenzao kidogo katika saratani ya matiti, kiharusi na kuganda kwa damu. Lakini wale walikuwa wakimeza vidonge kila siku, na dawa ilienea mwilini mwote. Hii ya kutia ukeni huingia katika damu kidogo mno. Msomaji na afanye hesabu: mwenye kutumia kidonge cha mikrogramu 10 kama tulivyoeleza hutia vidonge 114 katika mwaka wa kwanza, na jumla yake ni miligramu 1 na kitu kidogo, nayo ni karibu sawa na kidonge kimoja ambacho mwingine hukimeza kwa siku moja! Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitoa habari za wanawake walioitumia, na hawakuwaona wamezidi wengine katika saratani wala maradhi ya moyo. Na mnamo Novemba 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza kuanza kuyaondoa maonyo makali yaliyokuwa katika karatasi za dawa za homoni za namna hii. Basi mama akiikuta karatasi ya zamani yenye kutisha ndani ya boksi, asiitupe dawa jalalani. Aichukue karatasi ampelekee daktari amweleze.

Hata hivyo, kusema kwamba dawa ni salama si kusema kwamba kila mtu aichukue dukani kama sukari. Mwenye saratani ya matiti, au aliyewahi kuwa nayo, asiitumie mpaka daktari wake wa saratani aridhie, hasa ikiwa angali anameza dawa za kuishusha estrojeni. Aliyepata kuganda damu, kiharusi au maradhi ya ini aseme mapema. Na dawa hii ni ya cheti cha daktari, hununuliwa katika famasi iliyosajiliwa. Mtu asiazime ya jirani wala ya wifi yake.

Na liko jambo moja kubwa kuliko yote, nalo ni damu. Mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu, japo tone moja, japo mara moja, asitie dawa yo yote kabla ya kupimwa. Twamkumbuka mama mmoja wa Ukerewe ambaye aliona damu baada ya miaka miwili ya kukoma. Muuza dawa mmoja akamwambia kwamba ni ukavu tu, akamwuzia krimu. Akaitumia kwa miezi, akingoja kupona. Alipovuka ziwa kuja kupimwa, ilionekana ni saratani ya shingo ya kizazi, nayo imekwisha enea. Tulimzika kabla ya Ramadhani. Krimu ile haikumwua. Kilichomwua ni kuchelewa. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, nayo ikigunduliwa mapema hutibika. Hapa Mwanza ziko hospitali za Sekou Toure na Bugando. Na tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025, watu wa Sengerema na Geita hawana tena haja ya kungoja kivuko pale.

Tena sisi watu wa Kanda ya Ziwa tunao adui wetu mwingine, kichocho. Watu wengi hudhani kichocho ni mkojo wa damu wa watoto tu. Lakini mayai ya kichocho, hasa kile cha madimbwi na vijito vya bara, huweza kukaa katika shingo ya kizazi na ukeni, yakaleta mwasho, maumivu na damu, hata mwanamke akadhaniwa ana ugonjwa wa zinaa, akavunjiwa heshima yake bure. Huyo estrojeni haitamponya. Dawa yake ni prazikwanteli. Kwa hiyo mama aliyelima mpunga au kuchota maji madimbwini tangu utotoni amweleze daktari hivyo. Na tuache kuusafisha uke kwa sabuni ndani, au kuutia ugoro na majani, kwani vitu hivyo huiunguza ngozi ambayo tayari imekuwa nyembamba.

Yamebaki masuala ya ibada. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu twaifuata, kinachotiwa ndani ya uke mchana wa Ramadhani hubatilisha saumu. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililokutana Jeddah mwaka 1997 liliamua kwamba dawa ya namna hiyo haifunguzi. Lakini kwa kuwa dawa hii hutiwa usiku, na baada ya wiki mbili huwa mara mbili tu kwa wiki, mama anaweza kuitia baada ya kufuturu na kutoka nje ya hitilafu hiyo. Asiyeweza kuuzuia mkojo asiiache sala: ajisitiri, atawadhe baada ya wakati wa sala kuingia, asali; na kila faradhi aitilie udhu wake. Akipata daktari mwanamke ndiyo bora. Akimkosa, dharura ina ruhusa yake, na mumewe au mahramu wake awepo.

Nanyi waume, neno letu kwenu ni fupi. Mke aliyekuzalia, akakupikia, akakuuguza, akikataa kitanda katika umri huu usikimbilie kudhani mabaya wala kutafuta shahidi wa talaka. Mwulize kwa upole kama anaumia. Nauli ya kumpeleka hospitali ni katika ihsani, na kumfuata hadi mlangoni pa daktari hakupunguzi uanaume wa mtu.

Bwana Mtume (s.a.w.) ametufundisha kujitibu, na kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na ponyo. Basi akina mama, semeni. Mwambieni daktari, mwambieni mume, waambieni binti zenu kabla hawajafika huko. Twamwomba Mwenyezi Mungu awape afya mama zetu, azirehemu roho za waliotutangulia, na azijaalie nyumba zetu ziwe na huruma. Amin.