Siku tuliyokwenda baharini Kigamboni

 Wengi wenu mnaniuliza kwa simu kama ni kweli tunakaa karibu na bahari, na kama tunakwenda kuoga kila siku. Hapana. Tunakaa Tabata, Dar es Salaam, mbali na maji, na papa wa watoto anashinda bandarini akifuatilia mizigo ya kwenda Lubumbashi. Tulimaliza mwaka na miezi mitatu hapa kabla ya kugusa bahari kwa mguu. Nawaelezea siku hiyo ya kwanza kwa sababu karibu niwapoteze watoto wangu wawili, na kosa lilikuwa langu.

Tuliondoka Jumapili asubuhi kwa daladala hadi mahali wanapopaita Feri, pale penye soko la samaki. Hapo unalipa nauli, unaingia kwenye kivuko pamoja na magari, pikipiki na wauza matunda, na baada ya dakika chache uko ng'ambo, Kigamboni. Tangu mwaka 2016 kuna daraja pia, lakini watoto walitaka chombo cha majini. Nilikuwa nimebeba bugali, sombe (hapa wanaita kisamvu) na dagaa wa kukaanga. Nilinunua hao dagaa bila furaha, maana mtu aliyekulia ndagala wa Uvira anajua anachokikosa. Toka kivukoni tulichukua bajaji kuelekea Mjimwema.

Tulifika saa nne. Maji hayakuwepo! Naandika nilichoona: mchanga mweupe, kisha mchanga mwingine wenye maji kidogo, mitumbwi imelala ubavu kama ng'ombe waliochoka, na bahari yenyewe mbali kabisa. Mwanangu mdogo, ana miaka sita, akaniuliza nani ameyamwaga maji. Papa yake akacheka, akasema yamepwa, yatarudi. Mimi nilisikia neno hilo nikaliacha lipite.

Watoto walikimbia hadi kwenye vidimbwi. Mdogo alichota maji kwa viganja, akanywa kama tunavyofanya kwetu, akatema akilia kwamba mtu ametia chumvi. Tulicheka sana. Dada yake wa miaka kumi na moja alimwonyesha kaa wadogo wanaoingia mashimoni. Mimi nilitandika kitenge chini ya mti, nikavua viatu, nikajiona mwanamke mwenye bahati.

Kulikuwa na wanawake wa pale wakitembea kwenye maji ya magoti, wameinamia, wanatafuta chaza na pweza kati ya mawe. Ilipokaribia saa sita walianza kurudi mmoja mmoja, ndoo zao kichwani. Bibi mmoja, wa umri wa mama yangu, alipita karibu nami. Nilimwambia shikamoo, salamu ambayo kwetu Kongo hatuitumii na ambayo watoto wangu walinifundisha mimi. Akaitikia, kisha akasema: "Mama, wale kule si wanao? Waite. Maji yanajaa."

Nikatazama. Watoto walikuwa wamefika kwenye fungu la mchanga, wanajenga nyumba. Jua zuri, hakuna upepo, hakuna wimbi. Nikamjibu, na mpaka leo maneno hayo yananiuma: "Asante bibi, sisi tumezoea maji. Tumezaliwa ziwani."

Wamama wa Uvira mtanielewa. Sisi tunaogopa mamba na kiboko, tunaogopa upepo wa ghafla unaopindua mitumbwi. Lakini ziwa letu halitoki mahali pake asubuhi na kurudi mchana. Hata lilipopanda mwaka 2021 na kuingia katika nyumba za watu, lilikuja siku kwa siku, watu wakapata muda wa kutoa vitanda. Nilidhani maji ni maji.

Papa wa watoto alikuwa amekwenda barabarani kutafuta soda. Mimi nilikuwa nafungua chakula. Nilipoinua kichwa, kati yangu na lile fungu palikuwa na maji. Hayakuja kwa kishindo, wala hayakutoka mbele walipokuwa wanatazama. Yalikuwa yamezunguka na kuingia kwa nyuma yao, pale penye bonde dogo tulilolivuka asubuhi na vifundo vya miguu tu. Watoto walikuwa bado wanacheza, na kisiwa chao kimekuwa kama ukubwa wa chumba.

Nilikimbia. Maji yakafika magotini, yakafika kiunoni, yakaanza kunivuta upande, nikasimama. Wamama, nilisimama. Nilizaliwa hatua mia mbili kutoka Ziwa Tanganyika na sijui kuogelea. Kaka zangu wote wanajua. Walirukia majini tangu wadogo, wakati mimi na dada zangu tunaosha sahani ukingoni, tunafua nguo, tunachota maji. Msichana aliyeingia kuogelea aliitwa mhuni. Hivyo nilisimama na maji kiunoni, namwita papa wa watoto mpaka sauti ikakauka, na mtoto wangu mkubwa kule ng'ambo amembeba mdogo mgongoni, ananitazama mimi.

Ni yule bibi aliyerudi. Aliweka ndoo chini, akafunga kanga yake juu, akamwita mwenzake. Hawakwenda moja kwa moja kama nilivyofanya mimi. Walizunguka mbali kushoto, ambako mchanga umeinuka, wanapapasa kwa miguu, maji yakiwafika kifuani. Mmoja alimchukua mdogo, mwingine akamshika mkubwa mkono. Walirudi kwa njia ile ile. Haikuzidi dakika kumi, nafikiri. Nilipowageukia kutazama lile fungu, halikuonekana tena.

Bibi hakunigombeza. Aliniuliza kama jana usiku niliuona mwezi. Niliuona, ulikuwa mviringo kabisa. Akasema basi, hayo ni bamvua: mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, maji hutoka mbali sana na hurudi mengi sana, na hapa siku hizo hutoka asubuhi na kujaa alasiri. Kila siku huchelewa kidogo, karibu saa moja kasoro. Kati ya mwezi mmoja na mwingine kuna siku za maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji kwa wingi. Hayo wanayajua hata watoto wa pale wasiojua kusoma. Mimi nina diploma ya serikali.

Chakula tulikula wote pamoja, bibi, mwenzake na sisi. Sombe aliisifu, akasema imekosa nazi.

Tukiwa kwenye kivuko jioni, mkubwa wangu aliniegemea. Hakuuliza kwa ubaya. "Mama, kwa nini papa anajua kuogelea na wewe hujui?" Nilianza kumwambia habari za sahani, nikaona aibu, nikanyamaza. Kisha akauliza lile nililoliogopa zaidi: "Na mimi?"

Nimesikia kwamba Zanzibar, huko Nungwi, kuna wanawake waliofundishwa kuogelea na sasa wanawafundisha wasichana, wakiingia majini na nguo ndefu zinazofunika mwili mzima, ili mzazi asipate neno la kusema. Nilimwambia papa wa watoto. Alifikiri kidogo, akasema atatufundisha yeye, wote wawili.

Tulirudi Jumapili iliyofuata. Saa nne ile ile, tukakuta maji yameshajaa, yametulia, mitumbwi inaelea. Kama nisingefundishwa ningesema hii ni bahari nyingine. Nilivaa suruali na blauzi ya zamani, nikajifunga kitenge juu yake. Vijana fulani walicheka, wakachoka. Bibi alikaa mchangani na ndoo yake akituangalia. Papa wa watoto aliweka kiganja chini ya mgongo wangu, akaniambia nilegee, nitazame juu, nisipigane na maji. Halafu akaondoa mkono, na mdogo wetu akahesabu kwa sauti kutoka ufukweni.

Mkubwa alifika kumi na tisa. Mimi nilifika saba, kisha nikameza chumvi.