Safari Yangu ya Butaro



Wengi wenu mwanijua kuwa ni katekista wa huku Ngara, wala si mtu wa safari nyingi. Lakini mwaka huu nalipata safari moja iliyonifundisha neno, nami naona si vema nilifiche. Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, ameolewa Rwanda, upande wa kaskazini. Akapatwa na saratani ya titi, akalazwa katika hospitali ya Butaro, wilaya ya Burera. Mke wangu hakuweza kusafiri, basi nikatumwa mimi kwenda kumsalimu.

Tulivuka daraja la Rusumo, pale mto Kagera uangukapo kwa kishindo. Hapo kila dereva hubadili upande, maana kwetu magari hupita kushoto, na Rwanda hupita kulia. Nikalala Kigali. Asubuhi tukashika njia ya Musanze, na tulipofika Base tukaiacha, tukakata kulia, tukaanza kupanda na kushuka vilima vilivyolimwa toka bondeni hata kileleni. Hata mwisho tukaliona ziwa Burera limelala chini yetu, na mbali mlima Muhabura umejifunika mawingu. Nchi ile ni nzuri mno. Lakini mimi sikuifurahia, maana moyo wangu ulikuwa mzito. Nawaambia sababu.

Miaka kumi na miwili iliyopita dada yangu wa tumbo moja alishikwa na ugonjwa huo huo. Alilazwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Chumba kilikuwa kirefu, vitanda safu mbili, vichwa ukutani, hata kila mgonjwa hakuwa na la kutazama ila mgonjwa mwenziwe. Madirisha yalikuwa juu, yakaonyesha kipande cha mbingu tu. Mtu alipokufa usiku, wote walimwona akichukuliwa. Siku ya tisa dada akaniambia, "Kaka, nirudishe nyumbani. Hapa nimekwisha kuzikwa, bado udongo tu." Nikamkemea. Nikamwambia kwamba dawa ndiyo iponyayo, kuta hazina neno. Akanyamaza. Juma lililofuata alitoroka, wala hakukubali tena kutibiwa. Tukamzika kabla ya mavuno.

Basi nalipopanda kilima cha Butaro nalikuwa nimejiandaa kuona chumba kile kile. Sikukiona.

Kwanza nieleze habari za mahali penyewe. Wilaya ya Burera ina watu zaidi ya 300,000, lakini haikuwa na hospitali yake ya wilaya hata Januari 2011, ilipofunguliwa hii. Iliwekwa na Wizara ya Afya ya Rwanda pamoja na shirika la Partners In Health, na waliochora ramani yake ni MASS Design Group kutoka Marekani. Kilima kilisawazishwa kwa majembe ya watu wa pale pale, ili ujira uingie katika nyumba zao. Julai 2012 kikafunguliwa humo kituo cha kutibu saratani, na mwaka 2013 ikaongezwa nyumba ya wale wanaotiwa dawa mchana na kurudi kwao.

Kuta ni za mawe meusi ya volkeno. Mawe hayo yamejaa katika mashamba ya nchi ile, na mkulima huyaona kuwa adui wa jembe; huyaokota na kuyatupa kando. Lakini waashi wa Burera waliyachonga moja moja, wakayapanga karibu karibu hata chokaa haionekani kwa urahisi. Msomaji wa Zaburi atakumbuka mwenyewe neno gani lilinijia nilipouweka mkono wangu juu ya ukuta ule.

Sasa nije kwenye chumba cha wagonjwa, maana hapo ndipo palipo na jambo lenyewe. Katikati ya chumba umejengwa ukuta mfupi, na vichwa vya vitanda vimeegemezwa hapo, huku na huku. Kwa hiyo mgonjwa hamtazami mgonjwa. Kila mmoja anatazama nje, na mbele yake lipo dirisha kubwa, na nje ya dirisha mna maua, bonde na vilima. Tena hakuna ushoroba wa giza ndani ambamo watu husongamana wakingoja. Njia za kupita ziko nje, katika baraza, penye upepo.

Msidhani hayo ni mapambo. Mwaka 2006 dunia ilipata habari za Tugela Ferry, Afrika ya Kusini, ambako kifua kikuu kisichosikia dawa kiliwapata wagonjwa 53, wakafa 52. Na wengine waliambukizwa ndani ya hospitali. Waliochora Butaro waliliwaza sana jambo hilo. Kwa sababu hiyo dari ni ndefu, hewa chafu hupanda na kutokea juu, mapangaboi makubwa huizungusha polepole, na juu ziko taa za urujuanimno ambazo mwanga wake huua vijidudu. Na mwenye saratani anahitaji hewa safi kuliko wengine, kwa kuwa dawa zake hupunguza nguvu ya mwili ya kukinza magonjwa.

Nilimkuta shemeji ameketi, dripu mkononi, nywele zimekwisha kutoka. Nikamwuliza, "U hali gani, shemeji?" Akanijibu, "Dawa ni kali, shemeji, natapika. Lakini tazama kule." Akanionyesha kwa kidevu mwanamke aliyekuwa akipalilia maharage ng'ambo ya bonde. "Kila asubuhi namhesabia matuta. Akimaliza lile shamba nami nitakuwa nimemaliza dawa ya mzunguko huu."

Nikageuka nikajifanya natazama maharage.

Nimekuja kusoma kwamba mtaalamu mmoja wa Marekani, Roger Ulrich, alilichunguza neno hili. Mwaka 1984 alitangaza habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo. Nusu yao madirisha yao yalielekea miti, na nusu yalielekea ukuta wa matofali. Wale wa miti walitoka mapema zaidi, wakaomba dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Basi dada yangu hakuwa mtu wa deko. Alisema kweli, nami sikusikia.

Sisemi kwamba dirisha huponya saratani. Shemeji anaponywa kwa dawa na kwa mikono ya wauguzi, Mungu akipenda. Wako pale waliochelewa kuja, ambao hata Butaro haitawarudisha nyumbani wazima. Lakini dawa yamfaa yule tu anayekaa kuipokea, na mtu hukaa mahali panapomwambia kwamba angali mtu. Hata lile birika la Yerusalemu, penye wagonjwa wengi, lilikuwa na matao matano ya kuwatia kivuli.

Ndugu zangu, sisi hatuna fedha za kujenga Butaro. Lakini sote tuna wagonjwa. Nilipofika nyumbani nalikwenda kwa mzee mmoja wa kigango chetu, ambaye hatoki kitandani. Kitanda chake kilielekea ukuta wa nyuma. Tukakigeuza, mimi na wanawe, kikaelekea mlango. Sasa anaona migomba yake na watu wapitao kwenda kisimani. Kazi hiyo haikutuchukua hata nusu saa.

Basi leo, kabla ya sala ya jioni, ingieni chumbani mwa mgonjwa wenu, mlale kidogo mahali pake, mkatazame anachokitazama yeye. Kisha mtajua la kufanya. Nami mniombee, na kumwombea dada yangu marehemu, ambaye nalipaswa kumsikiliza.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristo,
Katekista wa Ngara